Tarehe inayojibadilisha yenyewe kwenye hati: uchague ipi?

Barua iliandikwa tarehe 3 Machi. Mpokeaji anaifungua tarehe 19 Juni, na juu kabisa ya ukurasa anasoma 19 Juni. Akiifungua tena wiki inayofuata kutafuta kifungu fulani, tarehe imeshasogea. Hakuna aliyeigusa. Aliyeiandika aliweka tarehe inayojisasisha, akidhani programu itaelewa kwamba alimaanisha siku ile ya kuandika.

Programu haijui ulichomaanisha. Ina tarehe za aina kadhaa, na kila aina inafuata tukio lake: hati kufunguliwa, kuundwa, kuhifadhiwa au kuchapishwa. Ukishajua tarehe yako inashuhudia tukio gani, mengine yote ni vibonyezo tu.

Vigezo vya kulinganisha

Tarehe inayojibadilisha huwa ndani ya uga, yaani maelekezo mafupi yaliyofichwa nyuma ya maandishi. Unachokisoma kwenye ukurasa ni jibu la maelekezo hayo. Ukibofya juu yake, maandishi yanapata kivuli cha kijivu, ndivyo utakavyoutambua.

Kila aina hapa chini tunaipima kwa maswali manne. Inawekwaje? Nini kinaisogeza? Inaharibika wapi, hasa hati ikinakiliwa, ikibadilishwa jina au ikifunguliwa na mtu mwingine? Na inamfaa nani? Mifano mingi ni ya Word kwa sababu ndiyo yenye aina zote kwa majina yake; LibreOffice Writer na Google Docs zimetajwa pale zinapotofautiana.

| Aina | Msimbo wa Word | Kinachoisogeza | Mwingine akiifungua kesho |
|---|---|---|---|
| Iliyoganda | hakuna | mwandishi mwenyewe | ile ile |
| Ya leo | DATE | kufungua, kuchapisha, F9 | anaona ya kesho |
| Ya kuundwa | CREATEDATE | Save As | ile ile |
| Ya kuhifadhiwa | SAVEDATE | kila kuhifadhi | ile ile, mpaka naye ahifadhi |
| Ya kuchapishwa | PRINTDATE | kila kuchapisha | ya uchapishaji uliopita |

1. Tarehe iliyoganda

*Inavyowekwa.* Iandike kwa mkono, basi. Ukitaka programu ikuandikie: katika Word fungua Insert, kisha Date & Time, chagua muundo, na hakikisha kisanduku cha Update automatically hakina tiki kabla ya kubofya OK. Katika Writer bonyeza Ctrl+F2, nenda ukurasa wa Document, chagua Date, kisha chukua chaguo lenye neno fixed. Katika Google Docs andika @today na ubonyeze Enter. Jina hilo linadanganya kidogo, kwa kuwa tarehe inayotokea haisogei kesho yake. Ukiibofya inakufungulia kalenda uibadilishe mwenyewe.

*Inavyosogea.* Haisogei.

*Inapoharibika.* Kosa lake ni la kibinadamu: mtu anachukua barua ya mwezi uliopita, anabadilisha jina la mpokeaji, anasahau tarehe.

*Inamfaa* anayeandika mkataba, kumbukumbu za kikao, barua rasmi au chochote ambacho kesho kitasomwa kama ushahidi wa jambo lililotokea siku fulani. Watu wengi wanaotafuta tarehe ya kujisasisha wangetosheka na hii.

2. Tarehe ya leo: DATE

*Inavyowekwa.* Njia ya mkato katika Word ni Alt+Shift+D. Njia ndefu ni ile ile ya Insert na Date & Time, safari hii kisanduku cha Update automatically kikiwa na tiki. Katika Writer, Ctrl+F2, Document, Date, chaguo lisilo na neno fixed.

*Inavyosogea.* Uga unaisoma saa ya kompyuta kila hati inapofunguliwa, inapochapishwa, au unapoweka kishale juu yake na kubonyeza F9. Kwenye kompyuta za mkononi nyingi F9 inahitaji Fn. Mtu akisema F9 haifanyi kazi, anza kukagua hapo.

*Inapoharibika.* Hapa ndipo penye malalamiko mengi. Saa inayosomwa ni ya kompyuta ya anayefungua, si ya aliyeandika. Saa hiyo ikiwa imepotea, kwa mfano betri ndogo ya ubao mama imekufa, tarehe kwenye hati nayo inapotea. Watu wawili walio katika majira tofauti wanaweza kufungua faili moja wakati ule ule na kuona siku mbili tofauti.

Ya pili ni PDF. Ndani ya PDF tarehe inaganda, kwa hiyo nakala uliyotuma iko salama. Lakini miezi ikipita, mtu akaomba nakala nyingine, ukafungua faili la Word na kutoa PDF mpya, utakuwa na barua mbili zenye maneno yale yale na tarehe tofauti. Kuzieleza ni kazi.

Kuna dawa tatu, na zinachanganywa mara nyingi. Ctrl+F11 inaufunga uga: upo, lakini haujisasishi mpaka uufungue kwa Ctrl+Shift+F11. Ctrl+Shift+F9 inaugeuza kuwa maandishi ya kawaida moja kwa moja; uga haupo tena. Ya tatu ni kuacha kuutumia pale usipofaa. Barua inayotoka nje ya ofisi kama faili la Word inastahili Ctrl+Shift+F9 kabla ya kutumwa.

*Inamfaa* anayechapisha karatasi na kuitoa siku hiyo hiyo: fomu ya mapokezi, orodha ya mahudhurio, lebo, ratiba ya kubandika ukutani. Pia rasimu ambayo kila ikichapishwa unataka ijulikane imetoka kwenye printa lini.

3. Tarehe ya kuundwa: CREATEDATE

*Inavyowekwa.* Haipo kwenye dirisha la Date & Time, ndiyo maana wengi hawajawahi kuiona. Katika Word fungua Insert, Quick Parts, Field, kisha uchague CreateDate kwenye orodha na muundo upande wa pili. Ukipenda kuandika msimbo mwenyewe, bonyeza Ctrl+F9 upate mabano ya uga, na ndani yake uandike:

`CREATEDATE \@ "d MMMM yyyy"`

Kisha F9. Mabano hayo ni lazima yatoke kwa Ctrl+F9. Ukiyachapa kutoka kwenye kibodi utapata mabano ya kawaida na maandishi yasiyofanya lolote.

Katika Writer ni Ctrl+F2, ukurasa wa DocInformation, Created.

*Inavyosogea.* Inachukua siku ambayo faili lilizaliwa, na kubaki hapo. Uzuri wake unaonekana ndani ya kiolezo (template, yaani hati ya mfano): ukiiweka kwenye kiolezo, kila hati mpya inayotoka humo inapata tarehe ya siku yake na kuishikilia. Ndicho hasa ambacho watu walitaka walipoweka DATE.

*Inapoharibika.* Save As. Katika Word, ukifungua barua ya zamani na kuihifadhi kwa jina jipya, tarehe ya kuundwa inakuwa ya siku ya Save As. Kwa aliyezoea kutengeneza barua mpya kutokana na ya zamani, hiyo ni baraka. Kwa aliyetaka tu kubadilisha jina la faili, ni balaa. Na kinyume chake: ukinakili faili kwenye folda kwa Ctrl+C na Ctrl+V, tarehe iliyo ndani haibadiliki, kwa sababu imeandikwa kwenye sifa (Properties) za hati yenyewe na Windows haizigusi. Unafungua nakala, unaandika barua mpya, na juu kuna tarehe ya barua ya zamani.

Kwa hiyo hifadhi kiolezo kama kiolezo, yaani aina ya faili ya .dotx. Faili hilo likibofywa mara mbili kwenye folda linatoa hati mpya isiyo na jina. Kiolezo kilichohifadhiwa kama .docx ya kawaida si kiolezo. Siku moja mtu atabonyeza Ctrl+S juu yake.

Writer ina njia nyingine ya kufika hapo hapo. Uga wa tarehe ulioganda ukiwa ndani ya kiolezo cha Writer unakokotolewa mara moja, hati mpya inapoundwa, kisha hauguswi tena. Kwa wanaotumia Writer peke yake naona ndiyo njia safi zaidi.

*Inamfaa* yeyote mwenye kiolezo cha barua, ankara, memo au ripoti ya kila wiki.

4. Tarehe ya kuhifadhiwa: SAVEDATE

*Inavyowekwa.* Insert, Quick Parts, Field, SaveDate. Katika Writer, DocInformation, Modified.

*Inavyosogea.* Inafuata mara ya mwisho hati ilipohifadhiwa, nani alihifadhi si kitu.

*Inapoharibika.* Unahifadhi, lakini tarehe kwenye ukurasa wa Word haibadiliki hapo hapo. Inasubiri F9 au kuchapisha. Ukiweka na saa ndani yake utaona jambo hili vizuri: unahifadhi saa 4:10, unabonyeza F9, inasoma 4:10; unahifadhi tena saa 4:12 ili mabadiliko yaingie, na ukurasa bado unasema 4:10. Daima iko hatua moja nyuma. Kwa siku nzima haina madhara, kwa hiyo iache bila saa.

Jambo la pili ni AutoSave. Hati ikiwa kwenye OneDrive na AutoSave imewashwa, anayefungua na kuongeza nafasi moja kwa bahati mbaya ameshaihifadhi. Tarehe ya "toleo la mwisho" inasogea bila toleo jipya kuwepo. Na katika hati mpya ambayo haijahifadhiwa hata mara moja, Word inaonyesha sifuri tupu badala ya tarehe. Hilo si kosa. Hifadhi, kisha F9.

*Inamfaa* timu inayofanyia kazi hati moja kwa muda mrefu: mwongozo, sera, orodha ya bei, mtaala. Mahali pake pa kawaida ni chini ya ukurasa, karibu na maneno "Ilirekebishwa mwisho".

5. Tarehe ya kuchapishwa: PRINTDATE

Inawekwa kwa njia ile ile, PrintDate kwenye orodha ya Word au Last printed kwenye ukurasa wa DocInformation wa Writer. Inasogea kila hati inapochapishwa. Tatizo lake ni moja na ni kubwa: uga unasomwa kabla uchapishaji wa sasa haujaandikwa kwenye sifa za hati, kwa hiyo karatasi inayotoka inabeba tarehe ya uchapishaji *uliotangulia*, na nakala ya kwanza kabisa inatoka na sifuri. Anayetaka karatasi iseme imechapishwa leo atumie DATE. PRINTDATE inamfaa mwenye kutunza kumbukumbu, anayetaka kujua akiwa kwenye skrini kwamba nakala iliyoko mezani ilitoka lini.

Google Docs, kwa sababu swali litakuja

Google Docs haina uga wa tarehe unaojisogeza. Ina tarehe iliyoganda ya @today, na baada ya hapo ni kuzungukazunguka. Njia nyepesi ni kuandika =TODAY() kwenye jedwali la Google Sheets, kunakili seli mbili au zaidi, na kuzibandika kwenye hati kwa chaguo la kuunganisha na jedwali. Siku ikibadilika, kitufe cha Update kinatokea juu ya kijedwali hicho. Lazima mtu akibofye.

Njia ya pili ni skripti. Weka jedwali la seli moja juu ya hati, fungua Extensions, Apps Script, na ubandike:

```
function onOpen() {
  var leo = Utilities.formatDate(new Date(), Session.getScriptTimeZone(), "dd/MM/yyyy");
  DocumentApp.getActiveDocument().getBody().getTables()[0].getCell(0, 0).setText(leo);
}
```

Inaandika tarehe ya leo kwenye seli ya kwanza ya jedwali la kwanza kila mwenye ruhusa ya kuhariri anapofungua hati. Wenye ruhusa ya kusoma tu hawaiamshi. Wao wanaona tarehe ya mhariri wa mwisho kufungua. Na mtu akiweka jedwali jingine juu ya hilo, skripti itafuta seli yake ya kwanza bila kuuliza. Kwa hati ya maana nisingependekeza.

Muundo na tarehe za mbele

Katika misimbo ya Word, M kubwa ni mwezi na m ndogo ni dakika. Anayeandika "dd/mm/yyyy" anapata dakika katikati ya tarehe, na kosa hilo halionekani haraka kwa sababu 14/07 na 14/08 zote zinapendeza macho. MM inatoa 03, MMMM inatoa jina zima la mwezi. Kwa hati inayovuka mipaka tumia jina la mwezi. 03/04 kwa msomaji mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi.

Lugha ya jina la mwezi inafuata lugha ya herufi ya kwanza ya msimbo. Ukipata "March" ndani ya barua ya Kiswahili, onyesha msimbo kwa Shift+F9, chagua neno DATE, nenda Review, Language, uweke Kiswahili, kisha F9. Na kama rangi au ukubwa wa herufi unarudi ulivyokuwa kila uga unaposasishwa, ongeza `\* MERGEFORMAT` mwishoni mwa msimbo.

Tarehe ya siku zijazo, kama mwisho wa kulipa baada ya siku 30, ni rahisi katika Writer: dirisha la Ctrl+F2 lina kisanduku cha Offset in days, andika 30, au namba hasi kwa siku zilizopita. Lakini iunganishe na tarehe iliyoganda. Siku 30 kutoka leo inayosogea ni deni lisilofika mwisho. Word haina kisanduku hicho. Inahitaji fomula ndefu ya nyuga ndani ya nyuga, na kwa ankara moja moja kuhesabu kwenye kalenda kunachukua muda mfupi zaidi.

Kwa hali yako

Unatuma faili lenyewe kwa mtu wa nje: tarehe iliyoganda, au uga uliogeuzwa maandishi kwa Ctrl+Shift+F9.

Una kiolezo kinachotumiwa na watu wengi: CREATEDATE ndani ya .dotx, au uga ulioganda ndani ya kiolezo cha Writer. Kama wenzako hawaachi kunakili faili kwenye folda badala ya kutumia kiolezo, rudi kwenye tarehe ya kuandika kwa mkono, kwa kuwa CREATEDATE itawaponza.

Unachapisha na kugawa siku hiyo hiyo: DATE. Washa pia Update fields before printing, iliyoko File, Options, Display. Tarehe iliyo kwenye kichwa au mguu wa ukurasa haifikiwi na Ctrl+A ikifuatwa na F9, kwa sababu Ctrl+A inachagua mwili wa hati peke yake. Bofya mara mbili kwenye kichwa cha ukurasa ndipo ubonyeze F9.

Hati ni moja na inarekebishwa mwaka mzima: SAVEDATE chini ya ukurasa, bila saa. Toleo likiwa na uzito wa kisheria, andika namba ya toleo kwa mkono kando yake.

Mnafanya kazi pamoja kwenye Google Docs: @today, na mtu mmoja apewe jukumu la kuibadilisha.

Umerithi hati ambayo tarehe yake imeshasogea na unataka ile ya awali: bonyeza Alt+F9 ili misimbo yote ionekane. Ukikuta DATE, andika CREATE mbele yake bila kuacha nafasi, ili isomeke CREATEDATE, bonyeza F9, kisha Alt+F9 tena. Katika hati za zamani unaweza kukuta TIME badala ya DATE, ikiwa na muundo wa tarehe. Inasogea vile vile; hapo futa neno TIME lote na uandike CREATEDATE mahali pake, kisha F9. Kama barua ilianza kuandikwa siku iliyotumwa, na hakuna aliyepitisha Save As juu yake, tarehe ya kweli itarudi. Ikisharudi, Ctrl+Shift+F9.